Kabla Hujapanda Basi la Kwenda Kambini

Tangazo la nafasi za jeshi likitoka Dodoma asubuhi, mchana limeshazunguka makundi yote ya WhatsApp: la ukoo, la kwaya, la waliomaliza pamoja kidato cha nne. Jioni mama yuko chumbani amefungua sanduku la chuma, anatafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe chini ya vitenge. Steshenari ya mtaani foleni ya kutoa nakala imefika barazani. Kuna pia anayenunua karatasi za mistari na kalamu mpya, kwa sababu Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), katika matangazo yake ya miaka ya karibuni, limetaka barua ya maombi iandikwe kwa mkono na ipelekwe kwa Mkuu wa Utumishi Jeshini, Makao Makuu ya Jeshi.

Katika pilikapilika hizo maswali huwa ni yaleyale. Mwisho lini? Umri unaruhusu? Unamjua mtu huko? Swali la kijana mwenyewe anakwenda kufanya nini, na yuko tayari kwa lipi, huachwa mpaka basi limeshatoka stendi. Hapo ndipo ushauri wowote wa maana unapaswa kuanzia, maana jeshi si kazi inayojaribiwa miezi miwili kisha ikaachwa kama kibarua cha dukani. Sheria ya Ulinzi wa Taifa inamshika askari tangu siku anayoapishwa, na kuondoka bila ruhusa kuna jina lake, utoro, na adhabu yake.

Jambo la kwanza linalowachanganya wengi ni mlango wenyewe. Mtaani husemwa tu kwamba fulani "ameenda jeshi", wakati safari zenyewe ni tatu tofauti. Kuna wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa kila mwaka kwa mujibu wa sheria, wakakaa kambini miezi mitatu na kurudi kuendelea na masomo. Kuna wanaojiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa kujitolea, mkataba wa miaka miwili, wanaopitia ofisi za wakuu wa wilaya na mikoa wanakoishi. Halafu kuna JWTZ lenyewe, jeshi la ulinzi, lenye mshahara, vyeo na pensheni.

Kutoka safari ya pili kwenda ya tatu hakuna daraja la uhakika. Matangazo ya JWTZ yamekuwa yakitaka mwombaji awe amehitimu mafunzo ya JKT na kutunukiwa cheti, kwa hiyo bila JKT mlango haufunguki. Lakini JKT lenyewe, kila linapoita vijana wa kujitolea, hutamka wazi kwamba halitoi ajira wala halihusiki kuwatafutia ajira katika vyombo vya ulinzi na usalama au kwingineko. Linatoa mafunzo ya ukakamavu, uzalendo na stadi za kazi. Sentensi hiyo huandikwa kwa herufi zinazosomeka, na bado ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Utaratibu huu wa kuanzia JKT una mizizi yake. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Walidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Mwalimu Nyerere, kwa uchungu mkubwa, alilazimika kuwaomba Waingereza haohao wamsaidie, na tarehe 25 makomando wao waliteremka kutoka manowari ya Centaur na kuumaliza uasi. Jeshi lile likavunjwa. Jeshi jipya, lililozaliwa rasmi tarehe 1 Septemba 1964, lilitafuta watu wake miongoni mwa vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa Julai 1963. Tangu hapo fikra imekuwa kwamba kijana apimwe kwanza tabia yake na jembe mkononi, ndipo akabidhiwe bunduki.

Umri nao unahitaji hesabu, na hesabu hiyo ifanywe mezani kwa kalamu. Ukomo uliotangazwa na JWTZ miaka ya karibuni ni miaka 24 kwa mwenye elimu ya kidato cha nne au cha sita, 26 kwa mwenye stashahada na 27 kwa mwenye shahada. Madaktari bingwa wameruhusiwa hadi 35. Kijana wa kidato cha nne mwenye miaka 23 ambaye hajakanyaga JKT, akianza mkataba wa miaka miwili leo, atautoka akiwa na 25. Mlango utakuwa umeshafungwa. Hakuna afisa wa wilaya atakayemwita kumweleza hilo. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tangazo la kuaminiwa ni la mwaka wenyewe, lisomwe lote, na lisomwe kwenye tovuti ya jeshi.

Yaliyotokea Aprili 2021 yanastahili kusimuliwa katika kila nyumba yenye kijana anayejiandaa. Vijana wa JKT wa Operesheni Magufuli, ambao baadhi yao walikuwa wametumika katika ujenzi wa miradi ya serikali, walifikia mahali pa kutaka kuandamana hadi Ikulu ya Chamwino. Walidai ajira ya jeshi waliyoamini wameahidiwa. Rais aliyekuwa madarakani walipokuwa wakijenga alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Jenerali Venance Mabeyo, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi wakati ule, alitangaza kwamba mikataba ya vijana 854 imesitishwa na wanarudishwa makwao, kwa sababu kitendo chao kijeshi ni uasi. Mwaka uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe, wakaitwa warudi.

Mtu anaweza kuwahurumia vijana wale, na wanastahili huruma. Walikuwa wamebeba zege, wamelala hangani, wamesubiri. Lakini mambo mawili yanabaki. Kwanza, ahadi ya mdomo, hata ikitolewa jukwaani na mkubwa wa nchi, haimo ndani ya mkataba ambao kijana aliutia saini. Pili, mgomo, ambao kwa mfanyakazi wa kiwandani ni haki inayolindwa na sheria, kwa aliyevaa sare ni kosa zito. Kijana ambaye akionewa kazini hutangulia kuitisha wenzake wagome ana moyo mzuri, na nchi inamhitaji. Ila ajiulize kwa makini kama kambi ndiyo mahali pake.

Kambi yenyewe ikoje? Ruvu iko Pwani, Makutupora Dodoma, Mafinga Iringa ambako Juni baridi inapenya blanketi, Bulombora na Kanembwa Kigoma, Rwamkoma Mara, Oljoro Arusha, Mlale Ruvuma, Maramba Tanga, Msange Tabora. Wito wa wahitimu wa kidato cha sita huja na orodha ya vitu vya kubeba, na orodha hiyo inafundisha mengi kuhusu maisha yanayofuata. Bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, urefu wake uishie magotini. Fulana ya kijani. Raba za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Nauli ya kwenda na ya kurudi. Mama anayedhani zipu si neno, akamnunulia mwanawe bukta nzuri ya dukani yenye zipu na mistari ya pembeni, anamtafutia matatizo ya siku ya kwanza: kwenye paredi ya watu mamia, mistari ile inaonekana kutoka upande wa pili wa uwanja.

Filimbi hulia kabla ya adhana. Hanga zima linaamka kwa pamoja, vitanda vinatandikwa kwa kipimo kimoja, halafu mchakamchaka. Chenja zinaimbwa, miguu inapiga chini kwa sauti moja, na mwenye pumzi fupi anagundua kwamba kuimba huku unakimbia ni kazi mbili. Usafi wa eneo. Chai. Kwata juani mpaka neno "geuka" linaingia mwilini kabla ya kupita kichwani. Mchana foleni ya chakula, ugali na maharage, na kula kwa haraka ambayo nyumbani ingehesabiwa utovu wa adabu. Fatiki: kubeba kuni, kulima, kufyatua matofali, kupalilia shamba lenye mistari mirefu isiyoonekana mwisho wake. Usiku, akifika zamu yake, kuruti analinda wakati wenzake wamelala.

Anayekusudia kwenda asisubiri kambi imfanyie mazoezi. Miezi mitatu kabla, aanze kukimbia polepole, siku tatu kwa wiki, akiongeza umbali kidogo kidogo, kwa raba zilezile atakazokwenda nazo, kwa sababu malengelenge ya wiki ya kwanza huwatoa machozi hata wanaume wenye vifua vipana. Ajizoeze kufua mwenyewe, kushona kifungo, kulala mapema, kunywa maji ya kutosha. Mtoto wa mjini aliyezoea kuamka saa tatu asubuhi huteswa na usingizi kuliko mazoezi. Na simu: aanze kuiacha nyumbani siku nzima, aone hali yake.

Kuna jambo moja la afya ambalo familia nyingi hulikosea, na makosa yake ni ya hatari. Kijana ana pumu, au aliwahi kupata kifafa utotoni, au ana selimundu, na ndugu wanamwambia anyamaze asije akaenguliwa. Waganga wa kambi wanampangia mazoezi mtu ambaye hawamjui. Kukimbia kwa muda mrefu kwenye joto la Pwani, maji mwilini yakiwa yamepungua, ni hatari kubwa kwa mgonjwa wa selimundu, na mkufunzi aliye mbele anaona mvivu tu. Kuenguliwa kunauma, lakini mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake. Kijana apimwe hospitali ya wilaya kabla ya kuomba, na daktari aulizwe waziwazi kama mwili huu unaweza kufanyishwa kazi ya kijeshi.

Ukali wa sauti nao wataka maandalizi. Kuruti ataitwa majina, atarudishwa kufanya upya jambo ambalo ana hakika amelifanya sawasawa, na jibu linalotakiwa ni "ndiyo, afande". Wanaopata shida sana hapa huwa ni wale waliozoea kushinda kila mabishano nyumbani. Mafunzo yamejengwa hivyo kwa sababu ya siku moja ambayo huenda isije: siku ambayo amri itatolewa katikati ya milio ya risasi na hakutakuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini. Hata hivyo kukaripiwa si sawa na kudhalilishwa. Anayeguswa mwili isivyo halali, au binti anayetakiwa rushwa ya ngono, ameshatendewa uhalifu, na ana haki ya kulifikisha jambo hilo kwa wakubwa wa kambi na kwa wazazi wake. Ni vema wazazi wakaahidi mapema, kabla ya safari, kwamba atakapowaeleza jambo la namna hiyo watamwamini.

Anayevuka hatua hizi na kuchaguliwa na JWTZ huanza upya, safari hii kama kuruti wa jeshi la ulinzi, wengi katika Shule ya Mafunzo ya Awali ya Kijeshi Kihangaiko, Msata mkoani Pwani. Hapo ndipo tofauti ya ngazi mbili inaanza kuwa na uzito. Askari hupanda kuwa koplo, sajenti, hadi afisa mteule. Afisa hupita Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, anatunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu na kuanza na cheo cha luteni usu. Wapo askari wanaochaguliwa baadaye kwenda Monduli, lakini kwa kawaida elimu anayoingia nayo mtu ndiyo inayomwekea ngazi ya kuanzia. Miaka ya karibuni Monduli imeanza hata kutoa shahada ya sayansi ya kijeshi.

Kwa hiyo ushauri kwa mwenye uwezo wa kuendelea na shule ni kwamba aendelee. Jeshi linahitaji wahandisi, madaktari, marubani, wauguzi, mafundi wa mitambo, wanasheria, wapiga tarumbeta. Aliyefaulu vizuri kidato cha nne na kukimbilia kambini kwa pupa ya mshahara wa kwanza anaweza kujikuta, miaka kumi baadaye, anampigia saluti mwanafunzi mwenzake aliyevumilia miaka mitano zaidi darasani. Jeshi huwaendeleza watu wake kielimu, ndiyo, lakini kwa nafasi na kwa ruhusa, na si kila anayeomba hupata.

Vipaji vingine huiva ndani ya jeshi kuliko uraiani. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, alikuwa askari. Alphonce Simbu, aliyeipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha kwa kushinda marathoni ya Tokyo Septemba 2025, ni askari wa JWTZ. Kwa mkimbiaji wa Singida au Manyara asiye na mfadhili, mshahara wa kila mwezi na muda wa mazoezi ni neema ambayo klabu chache nchini zinaweza kumpa.

Sasa lile ambalo katika baraza za familia huwa halisemwi. Jeshi ni mahali ambapo mtu anaweza kufa kazini.

Tarehe 13 Julai 2013 walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur baada ya msafara wao kuviziwa. Tarehe 7 Desemba 2017, jioni, kituo chao cha Semuliki, katika eneo la Beni mashariki mwa Kongo, kilishambuliwa kwa saa nyingi. Miili 14 ilipokelewa kwanza, na hesabu ikafika 15. Umoja wa Mataifa ulisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wake kwa karibu robo karne. Januari 2025, katika mapigano ya kuwania Goma, JWTZ ilipoteza askari wawili waliokuwa katika misheni ya SADC. Hawa hawakuwa watu wa vita vya zamani vya kusimuliwa tu. Walikuwa vijana waliosimama foleni zilezile za kutoa nakala za vyeti, na wengine waliacha wachumba.

Vita vyenyewe navyo havijawahi kuomba miadi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuteka eneo la Kagera, walioitwa hawakuwa askari wa jeshi peke yao. Vijana wa JKT, polisi, magereza na mgambo walisukumwa mstari wa mbele, na Kampala ilianguka Aprili 1979. Makaburi ya Kaboya, Muleba, yana majina ya watu ambao mwaka mmoja kabla walikuwa na mipango mingine kabisa. Mtu anayefikiria jeshi hana budi kukaa na wazazi wake, au na mchumba wake, na kulisema hili kwa sauti: kwamba anaweza kupelekwa mbali, kwamba anaweza asirudi, kwamba atakayeandikwa mrithi wake ni fulani. Familia iliyokwisha kuzungumza hivyo hubeba habari mbaya tofauti na ile iliyoambiwa kwamba mwana amepata kazi ya serikali.

Kuna pia uhuru unaoachwa langoni. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa anabaki na haki ya kupiga kura, na katazo hilo linawahusu pia polisi, magereza na JKT. Kijana anayeishi kwa kupeperusha bendera ya chama mitandaoni ajue hivyo. Makazi hupangwa na jeshi: leo Mtwara, mwakani Ngara. Ndoa nayo ina taratibu zake za kijeshi, na aliye na mchumba aziulize kwa askari aliyemo kazini kabla ya kupanga tarehe ya harusi. Wake wa askari wanaojua maisha ya kota za jeshi wana mengi ya kumfundisha msichana anayechumbiwa na kuruti, na ni watu wa kutembelewa.

Kwa mabinti, hali imebadilika sana katika eneo letu, na mfano mzuri uko Kenya. Fatuma Ahmed aliingia jeshini mwaka 1983, wakati wanawake wakitumika katika kikosi chao cha pekee, kikosi kilichokuja kuvunjwa mwaka 1999 ili waingie katika vikosi vyote sawa na wanaume. Mwaka 2018 akawa meja jenerali wa kwanza mwanamke nchini humo, na Mei 2024 akakabidhiwa jeshi la anga. Ni miaka zaidi ya 40 ya utumishi. Binti anayemtazama kwa matumaini aitazame na hesabu hiyo.

Kenya inafaa kutajwa kwa sababu nyingine. Huko uandikishaji wa askari wa kawaida hufanyika uwanjani, mchana kweupe: vijana peku peku kwenye nyasi, wamevaa bukta, wanakaguliwa nyayo na meno, wanapimwa kimo, wanakimbizwa, wanaonyesha vyeti. Uwazi huo haujawazuia matapeli. Vijana wamewahi kukamatwa kwenye lango la kambi ya Moi, Eldoret, wakiwa na barua za wito za kughushi ambazo wazazi wao walizinunua kwa fedha za ng'ombe na shamba. Hadithi ni ileile Tanzania: mtu anajiita meja, ana picha yenye kombati kwenye simu, anasema majina yanapelekwa kesho, atumiwe "ya mkubwa" leo usiku. JWTZ na JKT wameonya mara nyingi kwamba nafasi haziuzwi. Anayeombwa fedha apeleke namba ile ya simu polisi, na asione aibu kwamba amekaribia kuingia mtegoni.

Utapeli mpya, na huu ni mbaya kuliko wote, unavuka mipaka. Januari 2023 serikali ya Tanzania ilithibitisha kifo cha kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa gerezani huko, akakubali kupigana na kundi la Wagner ili apate kuachiwa, na akafa Ukraine Oktoba 2022. Tangu wakati huo Kenya imekiri kwamba raia wake wamenaswa kwa ahadi za kazi za ulinzi au udereva nchini Urusi, wakajikuta wanatia saini mikataba ya kijeshi kwa lugha wasiyoielewa. Kazi ya "ulinzi" ng'ambo ambayo wakala anagharamia tiketi na viza kwa haraka isiyo ya kawaida iulizwe ubalozini kabla ya pasipoti kutoka mkononi. Aliyeko vitani katika nchi ya wengine, kwa mkataba asioweza kuusoma, hana Mkuu wa Majeshi wa kumtangaza wala Kaboya ya kumzika.

Baada ya yote haya, yupo kijana ambaye bado moyo unamtuma, na moyo huo uheshimiwe. Kuna watu ambao utaratibu, sare, wenzao wa platuni na hisia ya kuitumikia nchi huwapa uhai ambao ofisi isingewapa kamwe. Mtu huyo amtafute askari aliyestaafu, pamoja na aliyepo kazini. Mstaafu ana muda, na hana sababu ya kumpamba mtu. Amuulize kuhusu miaka ya katikati, kuhusu watoto waliokua baba akiwa Lebanoni au Kongo, kuhusu pensheni ilivyofika na alivyoitumia.

Kisha vyeti. Hapa wengi huanguka kwa jambo dogo: cheti cha kuzaliwa kinasema Ally, cha kidato cha nne kinasema Ali, na namba ya NIDA imefuata kingine. Au cheti cha kuzaliwa hakipo kabisa, kuna tangazo la kizazi lililochakaa. Marekebisho ya RITA na NIDA huchukua wiki, wakati mwingine miezi, na tangazo la nafasi huwa wazi kwa siku chache tu. Shughuli hii ifanywe sasa, kabla ya tangazo, kwa utulivu. Wakati huohuo kijana ajiandikie njia ya pili. Baadhi ya waliomaliza JKT bila kuchaguliwa jeshini wameajiriwa na kampuni ya ulinzi ya SUMAJKT. Wengine wameishi kwa ushonaji, uselemala na kilimo walichojifunza kambini. Anayesubiri nafasi za jeshi anaweza kujaza na fomu ya VETA wiki hiyohiyo, akasoma umeme au uchomeleaji, na cheti hicho akakiambatanisha kwenye barua yake ya kuandikwa kwa mkono tangazo lijalo litakapotoka.